Ndiyo ya Bwana Funguo

Mtaani pale hakuna aliyefunguliwa mlango na Bwana Funguo bila kwanza kusailiwa kama mtu anayeomba kazi. Ungekuja unahema, ufunguo umekatikia kwenye kitasa, chakula kinaungua ndani, na yeye angeweka chini tupa ya kuchongea funguo, akafuta mikono taratibu, akakutazama kwa juu ya miwani. Mlango ni wako? Nani anaweza kusema ni wako? Ndani kuna nini? Hilo la tatu ndilo lililowapandisha watu hasira. Ilibidi ueleze kitanda kiko upande gani, pazia lina rangi gani, mezani umeacha nini. Akishafungua, aliingia yeye kwanza, akahakiki, ndipo akakupisha.

Waliomcheka waliacha siku ile alipokuja bwana mmoja wa tai na mkoba, akaeleza sofa jekundu na kabati la vioo kwa ufasaha kabisa. Mlango ulipofunguka, ndani kulikuwa na bibi kizee asiyesikia vizuri, amekaa anashona, akauliza kwa upole wanamtafuta nani. Bwana wa tai alikuwa keshafika ngazi ya mwisho.

Nayasema haya mapema ili usije ukadhani hii ni habari ya mtu mzembe. Wazembe wana habari zao, na ni nyingi. Hii ni ya mtu makini aliyeteleza mahali ambapo hakujua kuwa ni mlango.

Kibanda chake kilikuwa chini ya ngazi za jengo lilelile alimoishi, na familia yake ilikaa ghorofa ya pili, vyumba viwili na jiko. Binti alikuwa na miaka kumi na mmoja. Alizaliwa kafanana na dada mkubwa wa Bwana Funguo, sura na ukali, basi tangu ana wiki moja akaitwa Shangazi. Mdogo wake, wa miaka mitano, alizaliwa na upara na makunyanzi, akaitwa Babu. Mgeni aliyesikia kwenye korido kwamba Shangazi kamnyang'anya Babu mkate, na Babu kalala chini analia, aliwahurumia sana wazee wa nyumba ile.

Mkewe alikuwa msaidizi wa wakunga. Miaka kumi na miwili alibeba mabeseni, akafua mashuka, akawashika mikono wanawake wa watu, huku wenye vyeti wakiandika majina yao kwenye daftari. Mwaka ule akachaguliwa kwenda mji wa mbali, miezi kumi, arudi akiwa mkunga kamili. Nafasi ya namna hiyo haiji mara mbili. Bwana Funguo alimwambia aende, watoto atawaangalia yeye.

"Mwanamume kulea ni kama kuku kuogelea," alisema mama mkwe, aliyekaa mtaa wa tatu kutoka pale. "Anaweza, lakini usimwache peke yake."

Miezi miwili ya kwanza kuku aliogelea vizuri. Alipika, alifua, alijifunza kusuka mistari iliyopinda. Shida ilikuwa alasiri. Watoto walitoka shule saa tisa, yeye alifunga kibanda saa kumi na moja, na katikati hapo walishuka na kupanda ngazi, wakachanganya funguo, wakawauliza wateja mbona wana matumbo makubwa. Basi akatoa kabatini simu ya zamani ya mkewe, akamkabidhi Shangazi, akawaambia wakae juu watulie.

Siku ya tatu Shangazi alishuka na simu mkononi. Baba yake alikuwa amezama kwenye kitasa cha mteja, mikono yote grisi.

"Baba, una miaka zaidi ya kumi na minane?"

"Ukizidisha mara mbili bado unaniibia."

"Basi bonyeza hapa kwenye ndiyo."

Akabonyeza kwa kiwiko. Hakuangalia hata kilichoandikwa. Mtu aliyewauliza watu wazima rangi ya mapazia yao alimfungulia binti yake kwa ncha ya kiwiko, akarudi kwenye kitasa chake akipiga mluzi.

Kuanzia siku hiyo nyumba ilitulia. Kimya kingi kina mshindo mkuu, wahenga walisema, lakini wahenga hawakuwa na foleni ya wateja. Bwana Funguo alimpigia mkewe simu akijigamba kwamba watoto wametulia kama maji mtungini, mama asome bila wasiwasi.

Miezi ikapita, na dalili zilikuwepo. Jioni moja, mezani, Shangazi alisema, "Baba, leo nimeua kumi na wanne kabla hujapanda."

"Hongera," alisema baba yake, "na dawa hata sijanunua." Alidhani mende.

Babu naye akaanza kukataa kwenda chooni peke yake, wakati choo chenyewe kilikuwa hatua sita. Kila kitu kizito kikianguka, aliingia chini ya meza na kufunika kichwa. Bwana Funguo akasema ni kumkosa mama. Lilikuwa jibu zuri kwa sababu halikumdai lolote.

Kilichomzindua ni paka. Paka mzee wa jirani alikutwa amekufa kwenye ngazi Jumapili asubuhi, na Babu akachuchumaa kando yake akihesabu. Alifika kumi, akaanza upya. Alipofika kumi mara ya nne, baba yake akamuuliza anahesabu nini.

"Namsubiri arudi," alisema Babu. "Shangazi kasema wakifa, unahesabu kumi wanarudi. Lakini huyu anachelewa."

 Bwana Funguo alipanda juu, akamnyang'anya Shangazi simu, akatazama ile gemu kwa dakika moja tu. Damu ilikuwa imetapakaa sakafuni na mtu anakimbia juu yake. Hakutaka kuona zaidi. Akafanya alichokijua: akaitia simu kwenye sanduku la chuma, akalipiga kufuli la pini saba, kufuli bora kabisa alilowahi kulishika, na ufunguo akautia mfukoni. Mchezo umekwisha, akajiambia.

Siku mbili baadaye alipanda kuchukua miwani aliyoisahau, akamkuta Shangazi kakaa sakafuni, sanduku wazi, pini ya nywele sikioni kama penseli ya seremala.

Bwana Funguo aliliokota kufuli, akaligeuza mkononi.

"Ulitumia nini?" aliuliza baba.

"Pini mbili za nywele. Ile pini ya nne ya kufuli ndiyo iliyonisumbua."

"Ya nne ina mtaro," alisema Bwana Funguo kabla hajakumbuka kwamba amekasirika. Alipokumbuka, alifoka mpaka jirani wa chini akagonga dari kwa ufagio. Aliichukua simu, akashuka nayo kibandani, na tangu siku hiyo ilikaa mfukoni mwake. Alikuwa amefoka kwa sababu alikuwa na haya. Kufuli, alilijua hilo miaka ishirini, humzuia mtu ambaye hana nia ya kuingia.

Wiki iliyofuata mwalimu mkuu akamwita shuleni. Shangazi, aliyenyimwa vita vya kwenye simu, alikuwa ameanzisha vyake uwanjani. Alikusanya kikosi, akagawa fimbo, akateua mateka, na mateka walitakiwa kupiga magoti. Mtoto wa kiume wa dereva mmoja wa lori alikataa kupiga magoti. Fimbo ya Shangazi ilimpata juu ya jicho. Akashonwa nyuzi tatu.

"Sentimita moja chini, tungekuwa tunazungumza mengine," alisema mwalimu mkuu, mwanamke mnene mwenye sauti ndogo. "Ijumaa ijayo nataka wazazi wote wawili."

"Mwalimu, mama yao ana mitihani ya mwisho. Akikosa hiyo, cheti hakuna."

"Basi mlete bibi yao asimame badala yake. Lakini niwe mkweli kwako. Kama Ijumaa sitapata jibu la kuniridhisha, binti atakaa nyumbani mpaka mama yake arudi, mitihani au si mitihani. Huko nyumbani kuna kitu kimeharibika."

Mama mkwe alizipata habari kabla hata mkwewe hajafika mtaani. Alimngoja juu, mkoba mapajani, simu mkononi.

"Mpigie arudi."

"Mama, nakuomba. Miaka kumi na miwili kabeba mabeseni."

"Na mimi nilimzaa, najua uchungu wake kuliko wewe. Mtoto wake karibu atoboe jicho la mwenzake, na huyu mwingine anahesabia maiti. Mpigie, au nimpigie mimi?"

"Nipe mpaka Ijumaa."

Mama mkwe aliishusha simu. Alikuwa mkali lakini hakuwa mbaya, na watu huvichanganya vitu hivyo viwili. "Ijumaa," alisema. "Tukitoka shuleni bila jibu, napiga pale pale getini."

Jumamosi ndiyo siku yenye wateja wengi kuliko zote, na Jumamosi ile Bwana Funguo hakufungua kibanda. Alibandika karatasi: Nipo juu, rudi Jumatatu. Akampeleka Babu kwa bibi yake, akaketi sakafuni kando ya Shangazi, akatoa simu mfukoni na kuiweka katikati.

"Leo wewe ndiye fundi," alisema. "Nifungulie."

Shangazi aliiangalia simu bila kuigusa. "Ni mtego?"

"Si mtego. Nimewauliza watu wa mji mzima, wewe sijakuuliza hata siku moja. Humo ndani kuna nini?"

Alianza kwa wasiwasi, kisha akanogewa. Alimfundisha baba yake kukimbia, kujificha, kubadilisha silaha. Bwana Funguo alikufa mara saba kabla hajajua kugeuka kushoto. Alijirusha mtoni kwa bahati mbaya. Alimpiga risasi rafiki yake mwenyewe, akamwomba radhi kwa sauti.

"Baba, asiyekubali kushindwa si mshindani," alisema Shangazi, "lakini wewe unakubali mno."

Na tuseme kweli, kulikuwa na raha. Mapaa ya kuruka, milima ya kupanda, na binti akicheka bega kwa bega na baba yake, jambo ambalo halikuwahi kutokea tangu mama aondoke. Wanaohubiri kwamba gemu ni takataka tupu hawajakaa chini na mtoto wakacheza. Bwana Funguo alianza kuelewa kwa nini pini saba hazikutosha.

Kama saa sita hivi walifika kwenye ua wenye lango la chuma. Mbele ya lango mtu mmoja alikuwa amepiga magoti, kainua mikono, mdomo unatikisika. Kidole cha Shangazi kikaenda haraka kwenye kitufe, na Bwana Funguo akaona kwamba binti yake ameangalia pembeni.

"Ngoja," alisema. "Huyu anasema nini?"

"Hasemi kitu. Ni mashine, Baba."

"Amepiga magoti."

"Wote hapa wanapiga magoti."

"Tukimwacha?"

Shangazi alikitoa kidole kwenye kitufe. Kisha akasema kwa sauti ndogo ambayo baba yake hakuwa ameisikia tangu alipokuwa wa umri wa Babu, "Ukimwacha, mlango haufunguki. Nimejaribu. Nimezunguka ua mzima. Nimetafuta ufunguo kila mahali. Hakuna njia nyingine, Baba, lazima umpige. Mimi huwa nafumba macho."

Miaka ishirini Bwana Funguo alikuwa ameishi kwa milango. Alikutana na iliyovimba, iliyooza, iliyopigwa misumari, na hakuna hata mmoja uliowahi kumdai kitu kama kile. Aliiweka simu chini kifudifudi.

"Mlango wa namna hiyo haufai kufunguliwa na mtu," alisema. "Si wewe, wala mimi."

Ndipo Shangazi akalia, kilio kilichokaa ndani miezi. Alisema Babu alikuwa akichungulia begani kwake, akaanza kuota vibaya, na yeye akaogopa atasema kwa baba, ndiyo maana akamtungia ule uongo wa kuhesabu kumi. Alisema mambo ya uwanjani hakuyapanga, yalimtoka tu, na yule mtoto alipoanguka, yeye alisimama pale akihesabu.

Bwana Funguo alimvuta karibu. Kwao baba hakuwahi kumwomba mtoto radhi, wala baba wa baba yake.

"Nisamehe, mwanangu. Fimbo ni kosa lako, utaliomba radhi kwa mdomo wako. Lakini mlango huu niliufungua mimi. Mgeni wa njiani nampekua, wewe nikakufungulia kwa kiwiko."

Alasiri walimfuata Babu kwa bibi yake. Shangazi alichuchumaa mbele yake, akamwambia kwamba alimdanganya, mtu akifa au paka akifa harudi, ndiyo maana tunamwangalia vizuri akiwa hai. Babu alilia sana. Kisha akauliza kama yeye na baba na mama wako hai, akajibiwa ndiyo wote, akaomba chai. Mama mkwe alisikia yote akiwa mlangoni, asitie neno, na kwake hilo lilikuwa jambo la ajabu.

Gemu ile waliiondoa pamoja, kwa mkono wa Shangazi mwenyewe. Nyingine zilibaki, za magari na za kupanga matofali, lakini simu sasa ilikaa sebuleni, na kila gemu mpya ilipita kwa Bwana Funguo kama mteja yeyote. Alicheza kwanza yeye. Alizidi kushindwa.

Ijumaa ikafika. Ofisini mwa mwalimu mkuu kulikuwa na viti vitano na watu sita. Dereva wa lori alisimama, mtu wa mabega, mwanawe kando yake na bandeji juu ya jicho.

"Huyu binti ni hatari," alisema dereva. "Mimi nataka aondolewe. Kwangu mtoto halelewi namna hiyo."

Shangazi alienda mbele ya yule mtoto, akaomba radhi bila kutazama chini.  Kisha baba yake akainuka. Hakuwa mtu wa hotuba. Mashahidi wake siku zote walikuwa vitasa. Aliwaeleza tu ilivyokuwa: grisi, kiwiko, ndiyo. Aliwaeleza juu ya mende aliodhani wanauawa, paka aliyehesabiwa, mtu aliyepiga magoti langoni.

"Kuna swali mimi huwauliza watu wote kabla sijafungua," alisema. "Binti yangu sikumuuliza. Sasa nimemuuliza, na nimeingia, na nimeona. Haitatokea tena, kwa sababu sasa tunaingia wote. Hilo ndilo jibu langu, Mwalimu. Sina jingine."

Dereva alicheka puani. "Yaani mzazi mzima hujui mtoto wako anacheza nini."

"Sikujua," alisema Bwana Funguo. "Wewe wa kwako anacheza nini?"

"Wangu? Mpira tu."

Yule mtoto alikuna bandeji. "Hiyohiyo ya Shangazi, Baba. Kwenye simu yako. Nimempita, mimi niko lango la tisa."

"Nani amekuruhusu?"

"Wewe. Ulikuwa unaangalia mechi, ukasema lete nibonyeze, usinizibe."

Nyani haoni kundule, na dereva siku ile aliliona lake mbele ya watu. Mama mkwe ndiye aliyeanza kucheka, akajaribu kukohoa, akashindwa. Mwalimu mkuu aliinamisha uso kwenye daftari na mabega yake yakawa yanacheza. Dereva akamtazama mwanawe, akaitazama ile bandeji, kisha akakaa chini, akapangusa uso kwa viganja viwili.

"Lango la tisa," alisema. "Mimi nilidhani mpira." Akamgeukia Bwana Funguo. "Sasa hiyo gemu mtu anaingiaje? Nifundishe. Leo hii nataka nikaone."

Mwalimu mkuu alipopata sauti yake, alisema Shangazi abaki shuleni, ambebee mwenzake mkoba mpaka nyuzi zitoke. Alisema pia kwamba ana wajukuu wawili wa kiume nyumbani, na kwamba anaomba ruhusa aende mapema.

Nje, getini, mama mkwe alitoa simu. Bwana Funguo akasimama ghafla.

"Tulia," alisema mama mkwe. "Napiga kumtakia heri ya mtihani." Alizungumza dakika mbili, akasema watoto wazima, wanakula, wanamsalimu. Alipokata, alimshika mkwewe mkono kuvuka barabara, yeye aliyekuwa hamshiki mtu.

Watu wakaanza kuja. Kwanza dereva, kisha jirani wa ufagio, kisha wasiojulikana, wazazi waliosimama mbele ya kibanda na simu za watoto wao mkononi wakiona haya, wakitaka kuonyeshwa. Bwana Funguo hakuwaonyesha. Aliwarudisha kwa watoto wenyewe. "Mwenye nyumba ndiye anayejua pazia," aliwaambia. "Kaeni chini mshindwe." Jumamosi alasiri ungepita mtaani pale ukasikia watu wazima madirishani wakilalamika kwamba wameuawa tena.

Wiki ya tano baada ya Ijumaa ile mkewe alirudi, begi bega moja, cheti kwenye bahasha ngumu. Shangazi alikisoma kwa sauti kwenye ngazi, ghorofa kwa ghorofa, jina la mama yake na neno mkunga, mpaka milango ikafunguka na watu wakapiga makofi. Babu alienda chooni peke yake, akarudi, akadai apigiwe makofi naye.

Walipobaki wawili jikoni, Bwana Funguo alimwambia mkewe yote. Hakuruka kitu, hata kiwiko. Mkewe aliendelea kukatakata vitunguu muda mrefu baada ya vitunguu kwisha.

"Ungeniambia, ningerudi siku hiyohiyo," alisema.

"Najua."

"Ningeacha mtihani."

"Najua. Ndiyo maana nilinyamaza."

Aliweka kisu chini. Alikuwa na hasira kwa kufichwa, na alimwambia hivyo, waziwazi, kwa maneno ambayo Bwana Funguo alistahili na aliyapokea. Halafu akamshika uso kwa mikono yake miwili, mikono ya mkunga sasa, inayonuka vitunguu, akamwambia hakuna mwanamke, kati ya mamia aliowaona chumba cha uzazi, aliyetoa watoto kwa taabu kama mumewe alivyowatoa hawa wawili wiki ile.